Mmoja Mwenye Mikia Mitatu

Mgonjwa huyu haambiwi atoe ulimi.
Tunamwingia kwa gambuti,
tunamkanyaga mbavu taratibu,
na kinachotimka tunakikinga kwa wavu
alioushona Kemunto kwa chandarua kikuukuu
na mpini wa fagio.

Kituo cha kwanza: Gitathuru ya juu,
ndani ya msitu wa Karura, saa mbili na robo.
Maji yana rangi ya strungi iliyopoa.
Kipimajoto kinasema kumi na saba.
Sinia jeupe, lile la kuchagulia mchele,
linaanza kutembea lenyewe:
kaa mdogo kama kifungo cha shati,
buu la kerengende, sura ya bawabu aliyeamshwa,
fundi aliyejijengea nyumba ya chembe za mchanga
bila kibali cha kaunti,
na wale wenye mikia mitatu, wembamba kama kope,
matamvua yakipepea ubavuni
kana kwamba kila mmoja amebeba upepo wake.

Hao hawavumilii uchafu.
Maji yakiharibika hawaandamani, hawaandiki barua.
Wanaondoka tu,
na kutokuwepo kwao ndiyo ripoti.

Musembi anahesabu, mimi naandika kwa penseli
(wino hulia ukilowa).
Saba nukta moja.
Mto mzima, twasema,
mzima kwa maana zote mbili.

Kituo cha pili: chini, upande wa Mathare,
ubavuni mwa karakana na waosha magari.
Hapa maji yameshatumwa na watu:
yamefua, yamesugua injini, yamebeba
yale ambayo bomba lililopasuka halikuyafikisha kokote.
Dizeli imeyavika upinde wa mvua,
uzuri wa kutazamwa kwa mbali.
Kijana mwenye mpira wa maji akauliza,
"Mnatafuta dhahabu?"
"Tunatafuta wasiokuwepo," Kemunto akamjibu.

Minyoo wekundu, wapumuao pasipo pumzi: mbili.
Ruba: mbili.
Funza wa nzi: mbili.
Konokono wawili waking'ang'ania ukingo wa sinia: nne.
Jumlisha, gawanya. Mbili nukta tano.
Penseli ilikuwa imeshafika kwenye nukta
Kemunto aliposema, "Ngoja."

Pembeni mwa sinia,
mikia mitatu.

Mmoja.
Fomu haiulizi wangapi, inauliza kama yupo.
Mmoja huyo ana alama kumi na moja,
na mbili nukta tano inapanda hadi nne nukta mbili,
mto unatoka chumba cha wagonjwa mahututi
kwa mgongo wa mdudu asiyejaza ukucha.
Kijana akafunga mpira, akainama nasi.
"Kumbe mto wetu unapona?"

Alisema *wetu*.
Hilo sikuwa na safu ya kuliandika.

Ndipo nikautazama wavu.
Kwenye mshono wa chini, uzi ulipokunjamana,
palikwama jani la kuvumwani, bichi, la Karura.
Hatukuusuuza.

Tulinyamaza watu watatu, kila mtu na nyamazo lake.
Hakuna ambaye angejua.
Musembi alikohoa, akatazama daraja.
Nilifuta ile kumi na moja, karatasi ikakonda pale
hadi nikaona kidole changu upande wa pili.

Kijana hakutubembeleza.
Alirudi kwenye gari lake la kijani,
akaosha gurudumu moja kwa muda mrefu mno.

Mdudu tulimtia kwenye chupa ya jamu
tukapanda naye kwa miguu hadi alikotoka,
Kemunto akimkinga jua kwa kiganja.
Alipoguswa na mkondo hakuaga.

Jumamosi ijayo tunaanzia chini.
Wavu umeoshwa mara tatu, umeanikwa kwenye kamba
kati ya shuka na sare za shule.
Wafubwa, ndilo jina la kijana,
amesema atafika kabla ya gari la kwanza,
ageuze mawe kwa mikono yake.

Kwenye fomu, palipoandikwa *maoni*,
nimeweka: wavu haukusuuzwa.
Na chini yake, kwa herufi ndogo,
ambazo ofisini watadhani ni uchafu wa penseli:
*aliuliza kama unapona.*